Fomu Sitini na Mbili za Ndabibi

Asubuhi ile ya Jumatano Chelagat alikuwa ameosha chupa za sampuli mara mbili, na sasa alikuwa anazisogelea kuziosha mara ya tatu, ingawa hakuna aliyezihitaji. Alikuwa hivyo tangu ujana wake: moyo ukikosa pa kukaa, mikono hutafuta maji. Maabara ya chuo ilikuwa tupu. Wanafunzi walikuwa wamemaliza mitihani na kwenda kwao, na sauti pekee iliyosikika ni ya friji kuukuu iliyokuwa ikikohoa pembeni.

Zilibaki siku mbili. Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mfumo wa serikali wa kupokea maombi ya ufadhili wa utafiti ungejifunga wenyewe, na ukishajifunga hausikii kilio cha mtu.

Ukimwuliza Chelagat umri wake angekutajia hadi miezi, kama mtoto wa chekechea: hamsini na sita na miezi kumi na moja. Hakuwa anaringa. Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa inamnyima raha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepima maji, udongo na maziwa ya utafiti wa watu wengine, na katika ripoti zao zote hakuwahi kutajwa ila kwa mstari mmoja wa mwisho, "tunawashukuru wafanyakazi wa maabara". Hakulalamika. Alikuwa na stashahada tu, na masharti ya mfuko huo wa ufadhili yalisema wazi kwamba mtafiti mkuu sharti awe na shahada ya uzamivu, na wenzake wawe na ya uzamili. Lakini mwaka huu kilikuwa kimeongezwa kifungu kipya. Mwenye stashahada aliyefanya kazi ya maabara miaka kumi au zaidi angeweza kuandikwa mtafiti mshiriki, kwa jina lake kamili. Alikisoma kifungu kile hadi akakikariri kama zaburi.

Tatizo lilikuwa katika kifungu kilichofuata. Kila mtafiti awe na miaka mitatu ya utumishi iliyobaki siku ya kufunga maombi, kwa sababu mradi wenyewe ni wa miaka mitatu. Utumishi wa umma huisha mtu akifika sitini. Mwezi ujao Chelagat angetimiza hamsini na saba, na maombi huitwa mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa hii au basi.

Na utafiti wenyewe haukuwa wa kuokoteza. Ulikuwa mdomoni mwake. Chelagat alizaliwa Ndabibi, akanywa maji ya kisima cha huko hadi alipoolewa, na meno yake yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Katika picha zote za chuo alikuwa amefunga mdomo. Maji ya kisima kile yana floraidi nyingi, madini yanayochafua meno ya mtoto tangu hayajaota, na yakizidi yanamharibu hata mifupa. Dawa yake inajulikana: makaa ya mifupa ya ng'ombe, yakisagwa na kuwekwa kwenye ndoo, huyachuja maji. Chelagat alikuwa amebuni namna ya kuyachoma makaa hayo kwenye pipa la kawaida, ambalo mama yeyote angeweza kuliendesha. Mtafiti mkuu alikuwa Daktari Thuo, mhadhiri wa chuo hicho hicho, lakini pipa lilikuwa la Chelagat, na hata Thuo alilisema hilo mbele za watu.

Mfuko ulitaka data ya awali kutoka kaya zisizopungua sitini. Wao walikuwa nazo sitini na mbili. Kila kaya ilikuwa imetoa maji mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na mtoto mmoja wa kila kaya alikuwa amepigwa picha ya meno. Kila kaya ilikuwa na fomu ya ridhaa. Na sharti lilisema: saini au alama ya dole gumba, ya mhusika mwenyewe.

Chelagat aliziacha chupa, akakausha mikono, akaanza kuziingiza fomu zile kwenye kompyuta kwa skana, moja baada ya nyingine. Fomu ya kumi na nne ilitoka hafifu. Akachukua lenzi yake ya mkono kuona kama alama ya dole ilikuwa inasomeka.

Katikati ya alama palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, uliokatiza kwa mshazari. Kovu.

Akachukua fomu ya kumi na tano. Kovu. Ya kumi na sita. Kovu. Alipofika ya ishirini hakuwa ameketi tena, alikuwa anazitazama akiwa amesimama, akizitupa kulia kwake kama anayegawa karata. Zote sitini na mbili zilikuwa na alama ya dole. Hilo peke yake lingetosha kumwamsha siku nyingi, kwa maana mmoja wa waliotia dole alikuwa mwalimu Kipkirui, anayeshika chaki kila siku ya Mungu.

Alilijua kovu lile. Lilikuwa la Njoki, au Mama Wanyoike kama wengi walivyomwita, mwenyekiti wa chama cha akina mama cha Maji Mema kule Ndabibi, aliyekatwa na panga akivuna nyasi za ng'ombe.

Hapa lazima isemwe kwamba kosa la kwanza halikuwa la Njoki. Kazi ya kupeleka fomu zile nyumba kwa nyumba ilikuwa ya Chelagat. Ilikuwa wiki ya mitihani, maabara ilimshika, akampa Njoki rundo zima na pedi ya wino, akasema, "Utanisaidia." Fomu ziliporudi katika bahasha alizifungia kabatini bila kuzitazama. Aliaminiwa kazi, naye akaikabidhi mikono mingine kama mtoto wa kulelewa.

Akapiga simu.

"Daktari!" Njoki aliitika kwa furaha. Kuku walisikika nyuma yake.

"Mimi si daktari, Mama Wanyoike."

"Haya, mwalimu. Habari ya Nakuru?"

"Mama Wanyoike, zile fomu. Nani alizitia dole?"

"Si watu."

"Watu gani?"

"Watu wa chama."

"Na watu wa chama wote wana kovu kwa dole gumba?"

Njoki akacheka, kicheko kikubwa kisicho na hatia hata chembe. "Ngai! Kumbe mnaona mpaka kovu! Aki nilikusaidia, mama. Ile wino ilinitoka baada ya siku tatu. Nilikuwa nakanda chapati na kidole kimeinuliwa hivi, kama mama wa kizungu."

"Kwa nini hukuwapelekea wenyewe?"

"Nipeleke ya nini? Si tulikubaliana kwa mkutano? Mimi ndiye mwenyekiti. Mbolea ikija, ni mimi natia sahihi. Bomba likija, ni mimi. Kila ofisi ikija hapa inauliza tu, mwenyekiti ni nani. Mkono wangu ni mkono wa chama. Leo ndiyo umekuwa wizi?"

Watu wengi hudhani kwamba uongo lazima uwe na nia mbaya. Uko pia uongo unaozaliwa na wema uliochanganyika na uvivu, na huo ndio mgumu kuukemea, kwa kuwa anayeukemea huonekana mtu asiye na shukrani.

"Kesho nitakuja," Chelagat alisema. "Waite wote kisimani saa nne. Wote, Mama Wanyoike."

Daktari Thuo alikuwa ofisini kwake, ghorofa ya pili, akisahihisha bajeti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, mwenye haraka, na hakuwa mtu mbaya. Chelagat alimwekea mezani fomu tatu na lenzi.

"Madam," Thuo alisema baada ya kusikia yote, "wewe umeziangalia na lenzi?"

"Nimeziangalia."

"Na nani mwingine ameziangalia na lenzi?"

"Wewe, ukitaka." Akaisukuma kwake.

Thuo akairudisha bila kuigusa vizuri, kwa kucha. "Sitaki. Huko Nairobi watapokea maombi mia tatu. Hakuna mtu atashika lenzi."

"Mimi nimeshaishika."

"Lakini hao watu walikubali! Kwa mkutano! Mimi nilikuwa hapo, walipiga makofi."

"Basi kesho haitakuwa kazi ngumu," Chelagat alisema, na akaondoka kabla miguu yake haijabadili nia.

Alhamisi waliondoka mtaani kwao Free Area, Nakuru, kukiwa na ukungu, yeye na mumewe Kibii, kwa pikapu ya Kibii ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Kibii alikuwa dereva mstaafu, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Chelagat alishika fomu mpya mapajani, akazihesabu, akazipanga, akazihesabu tena.

"Ukizihesabu sana zitazaa," Kibii alisema.

"Endesha, baba. Tutachelewa."

"Hii gari nayo imebakiza miaka mitatu ya utumishi. Nikiikimbiza itastaafu leo."

Chelagat hakucheka. Kwa kawaida angecheka, kiganja mdomoni. Walipolipita ziwa na kuiacha lami, vumbi jeupe likaingia kwa mlango wa kamba, naye akazikunjia fomu ndani ya leso kama mtu anayemfunika mtoto mchanga.

Kisimani walikuta watu wengi kuliko alivyotumaini. Njoki alikuwa amewaita kweli, lakini hakuwa amewaambia sababu. Alikuwa amesimama mbele na mikono kiunoni, mama mfupi mnene wa miaka sitini na ushei, kichwa juu, kama anayesubiri mgeni wa heshima.

Chelagat aliwaeleza. Hakumpamba wala hakumchafua mtu. Alisema fomu zilitiwa dole na mtu mmoja kwa niaba ya wote, na kwamba kosa la kuziacha hivyo ni lake mwenyewe, na leo amekuja kulifuta. Kisha akaisoma fomu yote kwa sauti, mstari kwa mstari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya ule mkutano wa makofi. Alisoma kwamba mtu anaweza kukubali au kukataa. Kwamba akikubali leo anaweza kujitoa kesho. Kwamba picha ya mtoto haitaonyeshwa popote bila ruhusa ya mzazi.

Mzee Kemboi, aliyekuwa ameegemea baiskeli, akainua mkono. "Kumbe tunaweza kukataa?"

"Mnaweza, mzee."

"Na maji ya kuchujwa yakija, nitanyimwa?"

"Hapana."

Mzee akafikiri. "Basi mimi nakubali. Lakini ni vizuri nimejua ningeweza kukataa."

Watu wakacheka, wakapanga foleni. Mwalimu Kipkirui alipofikiwa aliikamata kalamu kama mkuki. "Mwenyekiti, ati mimi ulinipa dole? Mimi ndiye nafundisha wajukuu wako kuandika!"

"Mwandiko wako mwenyewe ni kama kuku amepita," Njoki alimjibu, na foleni yote ikaangua kicheko. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Kidogo kidogo alirudi nyuma hadi akaketi juu ya mtungi wa plastiki, peke yake, akilisugua dole gumba lake kwa kidole cha shahada. Katika miaka kumi na mitano ya uenyekiti hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mkono wake una mwisho.

Saa sita walikuwa wamepata arobaini na saba. Waliobaki walikuwa mashambani na majumbani. Chelagat alimwendea Njoki.

"Mama Wanyoike, nyumba zingine sizijui. Twende."

"Nenda na wale wanaojua kuandika."

"Nataka kwenda na wewe."

Njoki alinyanyuka kwa kusaga meno, akapanda pikapu, na njia nzima akamwonyesha Kibii pa kupinda kwa kidevu tu. Kufikia saa tisa walikuwa wamepata wengine kumi na mmoja. Kaya tatu hazikuwepo. Zilikuwa zimehamia upande wa pili wa ziwa kufuata kazi za mashamba ya maua, na namba za simu hazikupatikana. Chelagat aliandika pembeni: hamsini na nane. Ilibaki nyumba moja, na hiyo ingefanya hamsini na tisa. Hata wakiipata, ilipungua moja. Na kaya mpya haingeingizwa leo, kwa kuwa data ilikuwa ya miezi mitatu, na miezi mitatu haichotwi kwa siku moja. Huenda mojawapo ya zile tatu ingepatikana usiku kwa simu. Huenda.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Wamaitha, mama wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa shamba la maua, aliyekuwa ameingia tu kutoka zamu. Alikuwa bado na aproni ya kijani. Aliwasikiliza akiwa mlangoni, bila kuwakaribisha ndani, na hilo huko kwetu ni jibu tayari.

"Mtoto gani alipigwa picha?" aliuliza.

"Jackie," Chelagat alisema. Alikumbuka: msichana wa miaka kumi na tatu, mrefu, aliyechukua muda kufungua mdomo. Wengine walikuwa kwenye foleni, naye Chelagat akamwambia, fungua tu, mrembo, haichukui dakika.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Hapo kisimani."

"Mimi nilikuwa kazini." Wamaitha akamgeukia Njoki. "Na ni wewe ulinitilia dole?"

"Ilikuwa ya chama, mama," Njoki alisema. "Ilikuwa ya watoto wetu."

"Jackie akiwa na miaka minane walikuja wengine, na gari zuri. Wakampiga picha meno. Halafu hiyo picha tukaikuta sokoni, kubwa kama mlango, imeandikwa tunza meno ya mtoto wako. Watoto wakamwita Bango. Mpaka leo wanamwita Bango. Alikaa nyumbani muhula mzima. Hamkujua?"

Hawakujua. Njoki alijua jina lile, alisikia watoto wakiliita, lakini hakuwahi kuuliza lilitoka wapi.

"Mimi sikatai maji safi," Wamaitha alisema. "Nakataa kuulizwa mwisho." Akairudisha fomu, haijaguswa. "Na hiyo picha muitoe."

Chelagat alitoa simu yake pale pale mlangoni, akaitafuta picha, akamwonyesha, akaifuta mbele ya macho yake, akamweleza na ile iliyo kwenye kompyuta ya maabara itafutwa kesho asubuhi. Wamaitha aliitikia kwa kichwa mara moja, akafunga mlango.

Walipofika njia panda Njoki akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi nilifikiri hakuna wa kukataa."

"Hata mimi," Chelagat alisema.

Ijumaa saa nane mchana alikuwa ofisini kwa Thuo. Zile kaya tatu hazikupatikana. Alikuwa amefuta picha ya Jackie na vipimo vya kaya zote nne, na alileta fomu hamsini na nane katika faili, kila moja na mkono wa mwenyewe. Thuo alizifungua, akaziangalia kwa muda mrefu kuliko Chelagat alivyotarajia. Kisha akaandika 58 kwenye kisanduku cha mfumo. Maandishi mekundu yakatokea: idadi ya kaya haikutimiza kiwango. Kitufe cha kuwasilisha kikawa kijivu.

Alipiga simu Nairobi. Alipigiwa muziki, akapitishwa kwa watu watatu, na wa tatu akamwambia kwa upole kwamba masharti ni masharti.

"Ni mbili tu, Madam," Thuo alisema. Saa ilikuwa kumi na robo. "Mbili. Zile familia zilizohama zilitoa maji. Maji yalipimwa. Wewe mwenyewe ulipima. Si uongo."

"Ridhaa hatuna."

"Na watoto wa Ndabibi? Wanywe yale maji mwaka mwingine mzima kwa sababu ya namba mbili? Na wewe? Unajua mwaka ujao hutaingia. Hili pipa ni lako. Nitaliombea na jina la nani?"

Ilikuwa hoja nzito. Ubaya mara nyingi huja umebeba mtoto mgonjwa, ukiomba upishwe njia. Chelagat alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Chini uwanjani mtunza bustani alikuwa anamwagilia maua kwa mpira, maji yakimwagika ovyo kwenye lami.

Thuo aliinuka. "Nakwenda kunywa chai," alisema. "Kompyuta iko wazi." Akatoka, akaurudisha mlango taratibu nyuma yake.

Chelagat akabaki na ule mwanga wa kompyuta. Alielewa alichoachiwa. Mwenye shahada alikuwa amekwenda kunawa mikono, na mwenye stashahada ameachwa na kazi chafu, kama ilivyokuwa miaka yote. Alikikaribia kiti, akakishika mgongo, hakukaa. Vidole viwili, vibonyezo viwili: sita na sifuri. Jina lake lilikuwa pale juu, kamili, chini ya la Thuo: Chelagat Kibii, mtafiti mshiriki. Alilisoma. Alilisoma tena. Kisha akaiendea sinki ndogo ya pembeni, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akakiosha tena, akakifuta, akakiweka.

Thuo aliporudi ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na mbili. Alitazama kisanduku. Hamsini na nane.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira.

"Wamaitha hakuwa wa kukataa, Dakta. Kwa karatasi alikuwa amekubali, na mimi nilikuwa naamini. Hao watatu sijui wangesema nini. Nikiwaandika, nimerudi kwa dole la Njoki. Tofauti ni kwamba yeye hakujua."

Thuo aliketi mbele ya kompyuta. Chini ya ukurasa palikuwa na tamko lililosubiri jina lake: mimi, mtafiti mkuu, nathibitisha. Mikono yake ilikaa juu ya vibonyezo. Angeweza. Chelagat hakumzuia, alisimama tu nyuma ya kiti, na labda hilo lilikuwa gumu zaidi kuliko kuzuiwa. Dakika zilihesabika. Saa kumi na moja ukurasa ulibadilika wenyewe, ukaandika kwamba maombi yamefungwa, na kwamba wanawashukuru kwa kutembelea.

"Wewe mama ni mgumu," Thuo alisema, akaifunga kompyuta.

"Nitakuachia pipa na michoro," alisema Chelagat. "Mwaka ujao uombe. Tafuta mshiriki mwingine. Lakini fomu nitakuletea mimi."

Aliteremka ngazi upesi, na alipofika nyumbani Kibii hakumwuliza chochote, alimsogezea tu beseni la vyombo.

Alitimiza hamsini na saba siku ya Jumanne, bila sherehe. Jumamosi iliyofuata alikuwa Ndabibi tena, kisimani, na rundo la fomu mpya na chupa tupu. Ilibidi kaya nyingine zianze sasa kutoa maji, nazo hazikuwa mbili, alitaka kumi, ili siku nyingine asisimame ukingoni. Kwanza alipita kwa Wamaitha na karatasi ndogo iliyoandikwa kiasi cha floraidi katika maji ya nyumba yake. "Hii tumeifuta kwetu," alimwambia, "lakini majibu ni yako." Wamaitha aliisoma akiwa mlangoni, akaikunja, akaitia katika mfuko wa aproni. Hakusema amebadili nia, na Chelagat hakumwuliza. Ila safari hii alimletea kigoda nje, naye Chelagat akakaa dakika tano. Kukaa kulimshinda zaidi ya hapo.

Kisimani alimkuta Njoki mezani, kalamu sikioni, pedi ya wino mbele yake, akibishana na mwanamume mmoja wa makamo aliyeshika fomu ya mkewe.

"Nitie tu sahihi mimi," mwanamume alikuwa anasema. "Mimi ni bwana yake."

"Meno ya mtoto ni ya nani? Aliyekuja mkutanoni ni nani? Si yeye?"

"Yuko kazini mpaka saa kumi."

"Basi dole lake liko kazini mpaka saa kumi."

"Wewe mwenyekiti, si unijazie tu? Zamani ulikuwa unatujazia!"

"Zamani nilikuwa na kidole kirefu," Njoki alisema. "Kimekatwa." Akaivuta fomu, akaifunika kwa kiganja chake chenye kovu, akapaza sauti kwa foleni. "Anayefuata! Na aje na mkono wake mwenyewe!"

Mwanamume alimgeukia Chelagat. "Daktari, mwambie huyu mama."

"Mimi si daktari," Chelagat alisema. Alitazama saa yake: saa saba na nusu. Zilibaki saa mbili na nusu hadi zamu itoke. Akachukua chupa zilizokuwa tupu na safi, akaenda nazo bombani, akaanza kuziosha.